Una Majiko Mangapi?

Gari la manispaa lilipita mlangoni pa Nyakerario bila kusimama.

Alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri, akafunga leso mpya kiunoni, akasimama kizingitini kama mtu anayengoja wakwe. Gari likapanda taratibu hadi nyumba ya juu, ng'ambo ya migomba, kwa mke mwenzake Persis. Vijana wawili waliovaa fulana za kijani wakashuka, wakabandika karatasi yenye namba juu ya mlango wa jiko la Persis, wakampa mkono mzee Machogu, mume wao, kisha wakaenda kwa jirani Ochoki kubandika nyingine. Nyakerario akajiambia watarudi. Huenda walianza na mkubwa, ndiyo heshima. Jua lilipotua alikuwa bado anajiambia hivyo, ingawa gari lilikwisha kuteremka mjini kitambo.

Mtu asiyekijua kifua cha Nyakerario angeshangaa kuona kibandiko cha karatasi kikimliza mtu mzima.

Miaka hii mji wa Kisii ulikuwa umeamua kuachana na moshi. Taa za barabarani zilianza kuwaka kwa nguvu ya jua, malori ya makaa yakawa yanarudishwa kabla hayajaingia mjini, na sasa zamu ilikuwa ya wapishi wa miteremko ya Nyanchwa na vijiji vilivyopakana nayo. Kila jiko lililohesabiwa lingevutiwa waya wake, mwenyewe apewe chombo cha kupikia kwa umeme na umeme wenyewe wa bei ya chini, naye aahidi kutowasha kuni tena. Redioni walizungumza habari za hewa ukaa na tani zitakazopungua. Nyakerario hakuelewa hewa inapimwaje kwa tani. Moshi aliuelewa.

Daktari wa kifua alikuwa amemwuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi, naye akaona ametukanwa. Hajawahi kugusa sigara. Alipuliza moto tu, asubuhi na jioni, tangu siku mama mkwe alipompangia mafiga matatu na kumwambia hapa ndipo kwako. Daktari akainua picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha weusi uliotanda pale palipopaswa kuwa peupe.

"Mama, dawa zangu zinapigana na kuni zako," alisema. "Kuni zinashinda. Usipotoka kwenye moshi, mvua kubwa ijayo sijui kama utaivuka."

Kutoka kwenye moshi kulihitaji mahali pa kutokea. Mwanawe Anyona aliwahi kumnunulia mtungi mdogo wa gesi, wakati alipokuwa akipakia magogo ya mikaratusi kwenda kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Nyamira. Kisha kiwanda nacho kikasikia habari za hewa ukaa, kikaanza kuchoma makaa yaliyoshindiliwa kwa takataka za miwa, na wapakiaji wa magogo wakaambiwa asante. Anyona sasa alikuwa Masimba akitafuta vibarua, na mtungi ulilala mtupu uvunguni. Makaa yalipanda bei tangu malori yalipoanza kurudishwa. Kwa hiyo Nyakerario alirudi kwa magunzi ya mahindi na matawi mabichi ya mikaratusi, ambayo hutoa machozi kabla hayajatoa moto. Waya wa manispaa ndio uliokuwa mlango wake wa mwisho, na mlango huo ulikuwa umepita barabarani ukiendeshwa na dereva.

Aliyemwambia ukweli ni Purity, mke wa Ochoki, walipokutana kisimani. Purity alikuwapo siku ya kuhesabu. Alisema mzee aliulizwa ana majiko mangapi, akajibu ana moja. Akalisema kwa sauti, akarudia.

Nyakerario akaacha ndoo pale pale.

Ili mtu aelewe kilichompandisha mteremko ule, huku akisimama kila hatua chache kutafuta pumzi, ni lazima arudi nyuma kidogo. Machogu alikuwa ameugua sana, akapona, na katika kupona akataka kubatizwa. Kanisa la Wasabato lililo karibu nao lilimpokea. Mchungaji alimweleza kwa upole kwamba ndoa mbele ya Mungu ni moja, ya Persis. Ila mama wa pili na mtoto wake asiwatupe, awatunze kama ilivyo haki. Machogu alichukua nusu ya maneno hayo. Aliliambia kanisa kwamba Nyakerario amerudi kwao Nyamira. Kanisa zima lilimwona Nyakerario akichuma mboga kando ya njia, na kanisa zima likakubali kwamba yuko Nyamira. Hata mzee wa kanisa, Nyamweya, ambaye pia ndiye mzee wa mtaa, alipokutana naye alimsalimu kwa kutazama miti.

Lakini Jumamosi, jua likishatua na Sabato ikishafungwa, Machogu alikuwa akipita katikati ya migomba na kuingia nyumba ya chini. Hakuja kulala, umri ulikwisha kupita. Alikuja kula chinsaga, ile mboga chungu ambayo Persis huichemsha haraka na Nyakerario huibembeleza kwa maziwa hadi uchungu ukubali. Alikula kimya, akaacha sukari au kipande cha sabuni, akaondoka. Nyakerario aliyaita maisha hayo ndoa. Hakuwa na jina jingine la kuyaita.

Alimkuta akifunga mbuzi.

"Baba Anyona, umesema nyumba hii ina jiko moja?"

Machogu hakugeuka. Alimwuliza yeye alitaka ajibiwe nini, na kijana wa watu amemwuliza wazi wazi mbele ya mzee Nyamweya, tena bila haya.

"Amekuuliza nini?"

"Kama ulivyosikia. Nina majiko mangapi."

Hapo Nyakerario akaelewa, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Nyumbani kwao waliongea Kigusii tu. Kiswahili chake chote Machogu alikiokota mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Jaswant, alikobeba mabati na saruji tangu ujana wake. Kule dukani, mpakiaji akioa, wenzake husema amepata jiko. Akioa tena, husema ameongeza jiko, na wanamwuliza kuni zote hizo atatoa wapi. Jaswant mwenyewe alikuwa akiutoa utani huo kwenye kaunta, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wapakiaji wake. Kwa hiyo kijana wa manispaa alipokuja na Kiswahili chake cha pwani, akauliza kwa uso mkavu mzee ana majiko mangapi, Machogu alisikia anaulizwa habari za wake. Akajibu kama alivyomjibu mchungaji siku ya ubatizo.

"Walikuwa wanauliza mahali pa kupikia," Nyakerario alisema, akikohoa na kucheka. "Sufuria, baba Anyona. Mafiga."

Machogu akanyoosha mgongo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akasema, basi ni kosa la lugha, litarekebishwa. Nyakerario alishuka nyumbani akiwa mwepesi. Usiku ule hakumlaumu mtu. Aliona Mungu amemtega kwa neno dogo tu, na neno ni kitu kinachoweza kurudiwa.

Aliteremka mjini, akaketi kwenye benchi la ofisi hadi akaitwa. Kijana mwenyewe aliitwa Obwocha, jina la Kigusii kabisa, ila alizaliwa na kulelewa Mombasa na hakujua lugha ya babu yake hata ya kuombea maji. Alimsikiliza Nyakerario kwa adabu, na Kiswahili chake cha sokoni. Mama alipofika kwenye maana ya jiko dukani kwa Jaswant, Obwocha alifunika uso kwa mikono akacheka hadi mwenzake wa meza ya pili akauliza kuna nini. Kisha akasema ni jambo rahisi. Uandikishaji unafungwa wiki hiyo, na nyaya zikishavutwa hakutakuwa na awamu nyingine. Atakuja mwenyewe, mwenye boma athibitishe kwa kinywa chake, kazi iishe.

Alikuja Alhamisi. Nyamweya alikuja naye, maana mgeni wa serikali haingii mtaa bila mzee wa mtaa. Persis alitoa viti. Ochoki na Purity walisogea kutoka kwao, kama watu wanavyosogea, kila mmoja akiwa na kisingizio mkononi. Bosire, kifungua mimba wa Persis, aliegemea ukuta akichezea simu.

Obwocha alisimulia kosa lilivyotokea, na alilisimulia vizuri. Hata Persis alicheka, akaficha mdomo kwa kanga.

"Mimi bahati yangu walimwuliza mke wangu," Ochoki alisema. "Ningejibu ninalo moja, lakini siku hizi halishiki moto."

"Kuni zenyewe zimelowa, jiko lifanye nini?" Purity akamjibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyamweya naye alitabasamu, akiwa bado anatazama miti.

Kicheko kilipotulia, Obwocha akafungua kishikwambi chake.

"Sasa, mzee wangu, tuseme mahali pa kupikia. Hapa nyumbani pako mna majiko mangapi?"

Nyakerario alikuwa amesimama pembeni, karibu na banda la kuku. Alimtazama mumewe usoni. Aliona jibu likimjia hadi kooni, maana neno lilikuwa dogo, mawili, na mahali pa kupikia si mke. Kisha akaona macho ya Machogu yakimwendea Nyamweya, na Nyamweya akitazama viatu vyake. Hapo ndipo Nyakerario alipojua kwamba utani wote ule umeharibu badala ya kutengeneza. Kabla yake jiko lingeweza kuwa jiko. Sasa kila aliyekuwa uwanjani alikwisha kufundishwa maana yake ya pili, na Machogu hangeweza kusema mawili bila watu kusikia wawili.

"Langu ni moja," Machogu alisema. "Ile nyumba ya chini ina mpangaji."

Kuku mmoja alipita katikati ya viti.

Obwocha peke yake ndiye aliyeshusha pumzi kwa raha. Alisema basi hakuna tatizo, wapangaji wanahesabiwa kama wengine, mpango hauangalii nani mwenye shamba. Akamgeukia Nyakerario kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. "Mama, nikuandike mpangaji hapa kwa mzee. Ukikubali tu, wiki ijayo una umeme."

Nyakerario aliona Bosire ameinua macho kutoka kwenye simu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Shamba lile halikuwa kubwa. Katika Kisii nzima hakuna lililo kubwa. Lakini desturi ililigawa kwa nyumba za akina mama: juu kwa Persis, chini kwa Nyakerario, na mtoto huingia kupitia mlango wa mama yake. Anyona alikwisha kulundika mawe ya msingi chini ya mparachichi. Mke wa Machogu angekuwa na mwana katika shamba lile. Mpangaji ana mwana gani? Mpangaji ana mizigo yake, siku ya kuhama. Na neno lingesemwa na yeye mwenyewe, mbele ya mzee wa mtaa, mbele ya Bosire, likaingizwa kwenye mashine ya serikali.

Upande wa pili kulikuwa na kifua. Kilikuwa kikimvuma wakati ule ule, kama chungu kilichofunikwa. Aliwaza kusema hapana na kurudi kwa matawi yake. Aliwaza mvua kubwa. Aliwaza Anyona akija kutoka Masimba kumzika, akimzika kama mke wa nani? Kikohozi kikamkamata, akainama, akashika mti wa banda. Persis aliinuka haraka, akamletea maji kwa kikombe chake mwenyewe, akamshika mgongo hadi kilipopita. Hawakuwa maadui, wale wawili. Walikuwa wameshiriki mtu mmoja ambaye hakuwatosha.

"Mama?" Obwocha aliuliza kwa upole.

Nyakerario akajifuta mdomo. Aliuliza mjane huandikwaje.

Obwocha alifikiri anauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Alieleza kwamba mjane ni mwenye nyumba kamili. Ana boma lake, jiko lake, anaandikwa kwa jina lake, wala hahitaji kuthibitishwa na mtu.

"Basi niandike mjane."

Purity aliweka mkono kinywani. Machogu alikuwa ameketi pale pale, fimbo katikati ya magoti, mzima wa afya kwa umri wake. Kwao neno lile halisemwi juu ya mtu anayepumua. Mwanamke humtukana mumewe kwa kila tusi lililopo chini ya jua, kesho yake wakala pamoja. Lakini hajiiti mjane, kwa sababu mauti yana masikio, na aliyeitwa huja.

"Nyakerario," Persis alisema kwa sauti ya chini, "lirudishe hilo neno."

"Nitalirudisha." Alikuwa anamtazama Machogu. "Aseme yeye mimi ni nani hapa. Jina lolote la haki. Nitalimeza langu sasa hivi."

Akangoja. Hakuwa na hasira, na watu waliokuwapo husema hilo ndilo lililowatisha. Alingoja kama alivyongoja gari la manispaa, kwa uso ule ule uliofagiwa. Mzee Nyamweya aliinua kichwa kwa mara ya kwanza akamtazama Machogu, na si kwa ukali. Huenda hata angefurahi. Huenda kanisa zima lingefurahi kuutua mzigo ule wa kutoona. Midomo ya Machogu ilisogea. Aliitazama nyumba ya chini, paa lake lililokuwa likivuja moshi mwembamba wa magunzi, akaitazama muda mrefu.

"Andika hivyo, kijana," akasema. "Kama ndivyo anavyotaka, andika."

Kwa hiyo alikubali kufa. Kati ya maneno mawili, mke na mjane, lile la kufa ndilo lililokuwa jepesi mdomoni mwake. Obwocha alikuwa ameanza kuelewa kwamba yuko ndani ya jambo lisilo lake. Aliandika akiwa ameinama, akashukuru, akaondoka bila kunywa chai.

Waya ulivutwa kama alivyoahidi. Kijana wa fulana ya kijani alibandika namba juu ya mlango, akamwonyesha Nyakerario kitufe cha kubonyeza na mahali pa kuingiza tokeni, namba za kulipia umeme. Maharagwe yaliiva bila kupulizwa. Kuta zilibaki nyeusi, lakini hewa ilikuwa hewa. Baada ya majuma machache alipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, akagundua amefika nyumbani bila kupumzika, akaketi chini akalia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Manispaa walipendezwa naye. Walimpiga picha kando ya chombo chake, na picha ikatundikwa mjini kwenye kitambaa kikubwa karibu na soko, na maneno chini yake kwamba hata mama mjane wa mlimani sasa anapika bila moshi. Kaka yake Momanyi, aliyeshuka mjini kutoka Nyamira kununua mbolea, aliliona tangazo lile akasimama barabarani kama aliyepigwa. Kesho yake alifika na mkewe, sukari, unga na kuku wawili, mkewe akianza kulia tangu barabarani. Walimkuta marehemu akipalilia migomba. Machogu aliegemea jembe, akampa Momanyi mkono, akamkaribisha, kisha akawaonyesha kwa kidole nyumba ya chini. Momanyi alikula kuku mmoja kwa dada yake bila kuuliza swali, akarudi Nyamira kabla jua halijashuka.

Jumamosi ziliendelea kuja. Nyakerario alipika chinsaga, kwanza kwa kujisahau, baadaye kwa makusudi. Njia ya katikati ya migomba ikaanza kuota nyasi. Walipokutana barabarani Machogu alimsalimu vizuri, "Habari yako, mama," kama anavyosalimiwa mke wa mtu asiyemjua, naye aliitikia vizuri.

Mvua kubwa ilipofika, yeye aliivuka. Machogu ndiye aliyelala. Ilianza kama homa, ikashuka kifuani, na watu wa kanisa wakawa wanapanda kwa Persis na vitabu vyao vya nyimbo, wakiomba. Hakuna aliyemlaumu Nyakerario usoni. Wanawake kisimani walimpisha achote kwanza, na kumpisha kule kulikuwa kauli tosha. Usiku hakulala. Alijua kwamba homa ni homa, alikuwa amesikia daktari akieleza mambo ya mapafu. Na alijua pia alichosema mbele ya watu, na nani alikuwa amekisikia.

Siku ya tatu ya homa ile alikoroga uji wa wimbi, mwembamba, wenye maziwa na asali, jinsi Machogu alivyoupenda wakati wa ugonjwa wake wa zamani. Akaufunika, akapanda katikati ya migomba, matope yakimfika vifundoni. Alisimama mlangoni kwa Persis akabisha kama mgeni.

Persis alitoka akaurudisha mlango nyuma yake. Alikuwa amekonda kwa kuuguza. Aliutazama uji, mvuke wake ukipanda kati yao, akasema mzee ameamka tangu asubuhi, anaongea, hata ameomba kunyolewa. Akasema alikuwa amemwona Nyakerario dirishani, akamwambia mzee nani anakuja.

"Amesemaje?"

Persis aliangalia pembeni. Alitaka kusema kitu kingine, Nyakerario aliona akikitafuta na kukikosa.

"Anasema maiti hali chakula, dada yangu."

Walisimama kidogo pamoja chini ya mchirizi wa paa. Kisha Persis akasema ngoja nikutafutie gunia ujifunike, mvua hii itakuua. Naye Nyakerario akasema haidhuru, si mbali. Alishuka polepole akikumbatia sufuria ili isipinduke. Nyumbani aliketi kitandani na nguo zake mbichi. Uji ulikuwa bado na moto. Aliunywa wote, kwa kuwa unga wa wimbi hautupwi.